Fundi Saa na Proksi ya Mkwewe

Ukitaka kujua saa katika mtaa ule, usimuulize fundi saa. Hilo walilijua wote, hata mpangaji aliyehamia juzi. Saa ya ukutani iliyoning'inia nyuma ya kiti chake, ya mbao, yenye pendulamu ndefu na uso uliogeuka rangi ya chai ya maziwa, ilikuwa mbele dakika kumi, na hakuna aliyekumbuka ilianza lini. Mpita njia akichungulia na kusema, "Mzee, saa yako inakimbia," jibu lilikuwa lile lile: "Iko sawa. Wewe ndiye umechelewa." Kisha alirudisha kioo cha kukuzia jichoni na kuinamia kazi, maana yake mazungumzo yamekwisha.

Mbele yake walimwita Fundi. Akiwapa mgongo alikuwa Mzee Dakika. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, kimebanwa kati ya saluni ya Msusi na duka la fotokopi, na mtu akipanda ngazi kwa haraka vumbi lilimwangukia Fundi kwenye shati. Ndiyo sababu kila saa aliyoifungua aliifunika kwa bilauri iliyopinduliwa. Watu walicheka wakiona bilauri zimepangwa mezani na hakuna maji, lakini yeye alijua vumbi la ngazini linavyoweza kuua saa nzima.

Kazi yenyewe siku hizi ilikuwa betri na mikanda. Watu walisoma saa kwenye simu zao, na jambo hilo alikuwa nalo kinyongo cha waziwazi, kama mtu aliyenyang'anywa kiti akiwa amesimama kidogo tu.

Lakini hebu nirudi kwenye zile dakika kumi, kwa sababu bila hizo hakuna la kusimulia. Fundi, katika ujana wake, alikuwa mchelewaji wa kupindukia. Alitengeneza saa za watu wote, na yeye mwenyewe hakuwahi popote. Alipoposa, mshenga alifika mapema, wazee wakafika, chai ikamiminwa ikapoa, bwana mwenyewe bado yuko njiani na saa ya mtu mfukoni anaisikiliza kama inapiga vizuri. Bibi harusi alimsamehe, kwa kuwa alimpenda, ila alimwekea alama. Walipozaa binti yao wa pekee, na baba akachelewa kumfuata shule hadi mtoto akakutwa analia getini, mama mtu alipanda juu ya stuli, akafungua kioo cha saa ya ukutani na kusukuma mshale mbele. "Sasa chelewa," akasema.

Hakuchelewa tena. Mwanzoni alizitoa zile dakika kichwani, na mkewe akamkamata, akamcheka, akamwambia ajaribu kuishi kama mtu aliyeshikwa na muda. Taratibu akazoea. Mwisho hakuzitoa tena. Saa ya ukutani ikawa ndiyo saa, na ulimwengu mzima ukawa unachelewa.

Kisha mkewe akafariki. Alipelekwa hospitali kwa homa ambayo hakuna aliyeiona kubwa. Binti, aliyekuwa ameolewa nchi ya mbali, alipigiwa simu, akasema atampigia mama kesho wazungumze vizuri, aone na sura yake. Kesho hiyo mama hakuwepo. Binti hakujisamehe, na baba hakujua la kumwambia, kwa hiyo wote wawili walilinyamazia jambo hilo kwa upole, kila mmoja upande wake wa simu.

Baada ya msiba Fundi aliendelea kuijaza ile saa kwa ufunguo wake kila Jumatatu, kama kawaida. Mishale hakuigusa. Na Binti alipomtumia simu mpya, yenye kioo kikubwa, ili waonane kila siku, jambo la kwanza alilofanya Fundi lilikuwa kuingia kwenye mipangilio. Alikuta mstari unaosema simu itajipangia saa yenyewe kutoka kwenye mtandao. Aliudhika. "Mnara wa simu ndio unifundishe saa mimi?" Akauzima mstari huo, akaandika humo saa ya ukutani, akaketi akiitazama, na mshale mrefu ulipofika juu kabisa akabonyeza. Simu na saa ya mkewe zikaenda pamoja tangu hapo, hazipishani hata kidogo.

Basi wakaonana kila siku, baba na binti, saa ya mapumziko ya mchana. Yeye anaegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya saa, Binti anapika huko kwake, na mara nyingi hawakuwa na la maana la kusema. "Unakula nini?" "Mkate." "Tena?" Hivyo hivyo. Fundi aliziishi siku zake kuelekea saa hiyo.

Halafu siku moja simu za picha zikakatika mji mzima. Ujumbe ulipita, sauti zilizorekodiwa zilipita, lakini ukimpigia mtu umwone, duara linazunguka weee mpaka linakata tamaa lenyewe. Kampuni ya simu ikasema inafanya maboresho. Mwenye fotokopi akasema maboresho gani, hiyo ni tamaa tu, wanataka watu wapige simu za kulipia. Msusi akasema wote waongo. Siku zikapita, maboresho hayakuisha.

Fundi angevumilia. Alikuwa amevumilia makubwa. Lakini Jumatatu, akiwa anaijaza saa ufunguo, uliingia ujumbe wa sauti wa Binti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejipanga asilie.

"Baba, shikamoo. Ile valvu ya moyo niliyokwambia, madaktari wamesema wasingoje. Wananifanyia upasuaji Alhamisi, wananichukua saa nne asubuhi kwa saa za huko kwenu. Wanasema ni upasuaji wa kawaida. Hata Mama walisema homa ya kawaida. Baba, sitaki kuingia mule ndani sijakuona. Sauti haitoshi. Nataka nikuone."

Aliusikiliza mara moja tu. Hakuweza mara ya pili. Alisimama na ufunguo wa saa mkononi mpaka Msusi akaja kuazima kibiriti na kumkuta hivyo.

Msusi alikuwa mwanamke mwenye mwili, ulimi mrefu na roho nyeupe, na alikuwa amekaa jirani na Fundi muda mrefu kiasi cha kutobisha hodi. Aliambiwa habari yote, akaketi juu ya stuli ya wateja.

"Pole, Baba. Lakini usijitie presha bure. Moyo ni kama saa tu. Wataufungua, watautengeneza, wataufunga."

"Saa ikiharibika mkononi mwangu," alisema Fundi, "namwomba mwenyewe radhi, namtafutia nyingine."

Msusi akaondoka bila kibiriti.

Jioni hiyo mkwe wake alimtumia ujumbe. Mkwe alikuwa fundi umeme, kijana mpole aliyemheshimu baba wa mkewe kiasi cha kumchosha, kila sentensi ina "Baba" mbili. Alirekodi sauti ndefu.

"Baba, ni hivi, Baba. Huko kwenu wamefunga mlango wa simu za picha. Lakini mlango wa mambo mengine uko wazi. Mimi nimeweka kompyuta hapa nyumbani, inaitwa seva. Simu yako haitampigia mke wangu moja kwa moja. Itaiambia kompyuta yangu, kwa mlango ulio wazi, na kompyuta yangu ndiyo itakayompigia. Huyo wa katikati ndiye proksi. Sasa kwako inatakiwa programu moja tu, ya kuzungumza naye."

Fundi alifikiri, akajibu: "Kwa hiyo ni mshenga."

"Mshenga hasa, Baba!" Mkwe alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hiyo ianze. Akaeleza kwamba programu zenyewe ni nyingi, na kiungo atakachotuma, yaani anwani ya seva yake, kinasomwa na kadhaa kati ya hizo. Achague inayoikubali simu yake, isiyo na matangazo, isiyoomba mambo yasiyoihusu, na ambayo wenyewe bado wanaishughulikia. Na aiweke kwenye kifaa anachokitumia kila siku.

Hapo palikuwa na ubishi mdogo wa Fundi na nafsi yake. Nyumbani kulikuwa na tableti ya marehemu mkewe, kioo chake kipana, na alitamani uso wa mwanawe autazame kwa ukubwa huo. Aliitoa kabatini, akaichomeka kwenye umeme, ikawaka. Akaichomoa, ikazima papo hapo. Akaichomeka, ikawaka. Akaifuta vumbi kwa kitambaa na kuirudisha mahali pake. Itakuwa simu.

Jumanne akafungua duka la programu, akavaa kioo chake cha jichoni ingawa maandishi yalikuwa makubwa tu, na kuanza kuchagua. Msusi alikuwa amemsuka mteja nusu kichwa, akamwacha akaja.

"Weka hii yenye picha ya simba, Baba. Wote saluni tunayo. Bure."

Aliiweka ya simba. Kabla haijafanya lolote ikamwonyesha tangazo la viatu, halafu tangazo la dawa ya kunenepa, halafu ikaomba ruhusa ya kuona majina yote aliyohifadhi, picha zake zote na ujumbe wake wote.

"Mshenga gani huyu anayetaka kujua majina ya shangazi zangu?"

"Wewe bonyeza kubali tu. Sisi tunakubali."

"Mimi nikipewa saa ya mtu nifungue mfuniko wa nyuma, sifungui na droo zake za nguo," alisema Fundi, akaifuta ya simba. Msusi alirudi kwa mteja wake akinung'unika kwamba wazee wengine wana roho ngumu hata kwa vitu vya bure.

Ya pili ilikuwa nzuri kwa sura, ila ilimwambia waziwazi kwamba simu yake imezeeka, haiwezi kuipokea. Aliichukulia kama tusi la kwake binafsi. Ya tatu ilikubali, lakini aliposoma maoni ya watu akakuta wote wanaomba msaada na hakuna anayewajibu, na walioitengeneza walikuwa wameitelekeza miaka mingi iliyopita. Alishazifungua saa za namna hiyo, zinazong'aa nje na ndani hazina mtu. Ya nne ilikuwa na alama ya kijivu yenye picha ya ufunguo. Haikuwa na tangazo. Haikuomba chochote. Nusu ya maneno yake yalikuwa Kiswahili na nusu lugha asiyoijua, na ilikuwa imefanyiwa marekebisho wiki ile ile. Alimtumia mkwe picha yake, mkwe akajibu, "Hiyohiyo, Baba."

Akaipakua. Akakinakili kile kiungo cha mkwe, kirefu kama mkufu uliokatika, akabonyeza alama ya kujumlisha kama alivyoelekezwa, na mstari mmoja ukatokea kwenye orodha. Mkwe alikuwa ameipa seva yake jina. Mstari ulisomeka: Kwa Baba.

Fundi aliugusa mstari huo. Akabonyeza kitufe cha duara. Simu ikauliza kama anaruhusu muunganisho, akaruhusu, na juu ya kioo kikatokea kiufunguo kidogo. Imeunganishwa, ikasema programu. Akampigia Binti haraka.

Duara likazunguka weee, mpaka likakata tamaa.

Wakaanza kuhangaika. Mkwe alizima seva akaiwasha. Fundi alizima simu akaiwasha. Mkwe alituma kiungo kipya. Fundi aliifuta programu na kuiweka upya, mara ya kwanza kwa uangalifu na mara ya tatu kwa hasira. Msusi alimpa intaneti ya simu yake mwenyewe, isiwe mtandao wa Fundi ndio wenye tatizo. Kiufunguo kilitokea kila mara, na kila mara hakuna kilichopita. Jumatano mkwe aliandika kwamba amempa binamu yake wa mbali kiungo hicho hicho ajaribu, na kwake kinafanya kazi. Msusi akataka aiweke kwenye simu yake yeye, na simu yake ikakataa, imejaa picha za misuko mpaka haina pa kuweka hata nukta. Akaanza kufuta misuko mmoja mmoja kwa uchungu, kila mmoja akiuaga.

"Baba," aliandika mkwe jioni hiyo, na ilionekana aliandika akafuta akaandika tena, "naomba unisamehe kwa swali hili, Baba. Je, saa ya simu yako iko sawa?"

Fundi alilisoma swali hilo. Aliitazama saa ya ukutani. Aliitazama simu. Zilikuwa sawa kabisa, sekunde kwa sekunde.

"Mwanangu," akajibu, "unamuuliza fundi saa kama saa yake iko sawa?"

Mkwe aliona aibu kweli kweli. "Samahani sana, Baba. Halikuwa swali la kukuuliza wewe." Akaliacha swali hilo, akaenda kutafuta kosa kwenye waya na mipangilio ambayo haikuwa na kosa lolote. Na hapo ndipo walipoupotezea usiku wote wa Jumatano, mmoja kwa heshima na mwingine kwa majivuno, na wote wawili kwa kumpenda mtu mmoja.

Alhamisi Fundi alinyoa ndevu, akajikata kidevuni, akavaa shati jeupe. Alifungua kazi mapema. Hakupokea saa ya mtu. Bilauri zote zilikuwa tupu na kavu mezani, na simu iliegemezwa kwenye kopo la mafuta mahali pake pa kila siku. Msusi aliacha saluni wazi bila mtu, akaja kusimama mlangoni na simu yake, akifuta misuko.

Mkwe alikuwa hospitali, kando ya kitanda. Kila alichokielekeza, Fundi alikifanya. Zima, washa. Futa, weka. Badilisha hiki, rudisha kile. Kiufunguo kinatokea, duara linazunguka. Binti alituma sauti fupi: "Baba, endelea kujaribu, bado sijachukuliwa." Akajaribu. Jasho likamwingia machoni. Saa ya ukutani nyuma yake ilikuwa ikitembea kwa ile sauti ambayo kwa kawaida haisikii, na asubuhi hiyo aliisikia yote.

Kisha ikagonga. Saa nne.

Fundi alishusha mikono. Aliitazama simu, nayo ikamwambia hivyo hivyo, saa nne kamili. Msusi aliziba mdomo kwa kanga yake. Fundi alikuwa mtu mzima aliyezika mke bila kulia mbele za watu, na sasa machozi yalimshuka hadi kwenye kile kidonda cha wembe na kumchoma. Alimwandikia mkwe, herufi moja moja: "Saa nne imefika. Najua wamemchukua. Akiamka mwambie baba yake alikuwa anajaribu."

Jibu lilikuja kabla hajafuta uso.

"Baba, bado! Yuko hapa, ananishika mkono. Saa nne bado, Baba. Zimebaki dakika kumi."

Fundi alisoma. Akasoma tena. Akageuka taratibu kwenye kiti chake, akautazama uso wa saa ya ukutani uliogeuka rangi ya chai, kama mtu anayesikia jina lake limeitwa na mtu asiyemtarajia.

"Dakika kumi," akasema.

"Nini?" aliuliza Msusi. "Nini, Baba? Sema!"

Fundi aligeukia simu. Aliandika: "Saa ya simu yangu iko mbele dakika kumi. Niliiweka mwenyewe. Nisamehe."

Mkwe akarekodi sauti, na katika haraka yake heshima yote ilimwanguka, hakukuwa na "Baba" hata moja. "Ndiyo hilo! Proksi hii ina mlinzi. Anatazama saa ya simu yako na ya seva, zikipishana zaidi ya dakika moja na kitu hafungui, anadhani ni mwizi. Nenda kwenye tarehe na saa, washa ule mstari wa saa kujipanga yenyewe. Haraka!"

Fundi aliujua mstari huo. Aliufikia kwa kidole bila kuutafuta, na kidole kikasimama juu yake.

Msusi aliona kidole kimesimama na karibu akipige. "Bonyeza! Unangoja nini?"

Alikuwa anangoja nini? Alikuwa anamwona mwanamke juu ya stuli, nguo ameikusanya kwa mkono mmoja, anasukuma mshale kwa mwingine. Simu ile ilikuja baada yake, hakuwahi kuigusa. Lakini Fundi alikuwa ameibeba saa yake ndani ya simu hiyo kila alikokwenda, mfukoni, mitaani, kitandani, na hakuwahi kumwambia mtu. Kubonyeza kulimuuma kama kumzika mara ya pili. Aliogopa, na alijua anaogopa, na alijua pia yule mwanamke angemwambia nini kama angekuwepo. Angesema: sasa chelewa.

Akabonyeza.

Namba za simu zikaruka nyuma. Saa nne ikaondoka, ikarudi saa tatu na dakika zake za mwisho, na zile zilizokuwa zimepita zikawa hazijapita. Akafungua programu ya kijivu, akagusa ule mstari wa Kwa Baba, kiufunguo kikatokea, akapiga. Duara likazunguka mara moja.

"Baba?"

Alikuwa ndani ya kofia ya karatasi ya bluu, uso umepungua, macho ni yale yale.

"Mwanangu."

"Umenyoa."

"Nimenyoa kwa ajili yako."

"Umejikata."

"Kidogo."

Wakatazamana. Msusi alilia kwa sauti huko mlangoni, akajikaripia mwenyewe, akaendelea kulia. Binti alisema, "Naogopa, Baba," na Fundi, ambaye alikuwa ameandaa maneno ya kumtia moyo tangu Jumatatu, aliyasahau yote.

"Hata mimi naogopa. Lakini niko hapa. Sitatoka kwenye kiti hiki mpaka utoke."

"Ilikuwa nini? Mbona imekubali sasa hivi?"

"Ni saa ya mama yako," alisema. "Niliiweka kwenye simu. Nimekuwa nikitembea nayo." Alijifuta kidevu, pale penye mkato wa wembe. "Nilidhani saa nne imeshafika. Nilidhani nimechelewa tena, kama siku ile getini. Kumbe ametuwekea dakika kumi."

Binti aliisogeza simu karibu na uso. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Fundi aliinua simu, akaigeuza kuelekea ukutani. Pendulamu ilikuwa inakwenda huku na huku kwa amani zake, na mshale ulikuwa umeshaivuka saa nne. Kutoka simuni kikasikika kicheko kilicholowa machozi, kicheko cha mama mtu kabisa.

"Kwa saa ya Mama mimi nimeshaingia zamani."

"Basi na utoke salama," alisema baba yake, "kwa saa yoyote ile."

Walizitumia dakika zilizobaki kuulizana wanakula nini. Binti hakuruhusiwa kula tangu jana. Fundi hakuwa amekula, ila alidanganya akasema mkate. "Tena?" alisema Binti. Wauguzi wakaja, mikono ya mtu ikashika ukingo wa kitanda, na alichokiona mwisho kilikuwa kiganja cha mwanawe kimefunguliwa mbele ya kioo, kinamwambia subiri.

Akasubiri. Msusi alirudi saluni, akatoka, akarudi, akamletea chai isiyonyweka kwa sukari. Mwenye fotokopi alipewa habari yote kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Fundi hakutoka kwenye kiti. Mchana ulipita, jua likahamia upande wa pili wa ngazi, na simu ilipolia hatimaye aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Mkwe alikuwa ameandika, na heshima yake yote ilikuwa imerejea: "Ametoka, Baba. Salama, Baba. Amefumbua macho na ameuliza kama umekula."

Fundi aliinama, akaweka paji la uso juu ya meza, kati ya bilauri zake, akakaa hivyo.

Alikuwa bado hivyo mteja alipoingia, mtu mgeni mwenye saa ya mkononi iliyosimama. Aliitoa mkononi, akatazama ukutani ili aipange, akatazama na simu yake, akakunja uso.

"Mzee, saa yako hii iko mbele dakika kumi."

Fundi aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anatabasamu, mpaka yule mteja akarudi nyuma nusu hatua. Kule saluni Msusi alinyamaza kusikiliza, maana alijua jibu, mtaa mzima ulijua jibu.

"Najua," alisema Fundi. "Ni ya mke wangu."